Kuchelewa Kujua Si Aibu. Aibu ni Kumcheka Anayeuliza



Tuanze na jambo jepesi. Hebu hesabuni siku za juma kwa Kiswahili. Jumamosi ni ya kwanza, kwa kuwa mosi ni moja. Jumapili ni ya pili, Jumatatu ya tatu, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano. Kisha inakuja Alhamisi, neno lililotoka katika Kiarabu, na maana yake nalo ni siku ya tano. Kumbe tuna siku mbili za tano katika juma moja, tena zimefuatana! Sababu yake ni kwamba Waarabu huanza kuhesabu na siku ile tunayoiita Jumapili, na kwa hesabu yao Alhamisi ni ya tano kweli. Lugha yetu ilipokea kwao majina mawili, Alhamisi na Ijumaa, na siku tano zilizobaki zikahesabiwa upya kuanzia kesho yake Ijumaa. Ndiyo maana hesabu mbili zimekutana katikati ya juma. Majina haya tunayatamka tangu utotoni, lakini wako wazee wenye wajukuu ambao hawajawahi kuambiwa jambo hili.

Wala si jambo la mchezo tu. Injili zinatuambia kwamba wanawake walikwenda kaburini siku ya kwanza ya juma. Mtoto wa mafundisho mwenye akili anaweza kumwuliza katekista wake: siku ya kwanza si Jumamosi? Je, Bwana alifufuka Jumamosi? Swali hilo ni zuri, na linastahili jibu, si kofi. Wayahudi walihesabu Sabato kuwa siku ya saba, kwa hiyo siku ya kwanza ni ile inayofuata Sabato. Hapo mtoto ataelewa pia kwa nini Kanisa linapenda kuiita siku hiyo Dominika, yaani Siku ya Bwana, jina lisilotegemea hesabu ya mtu yeyote.

Kwa upande wa saa, Kiswahili kimetupa bahati kubwa. Marko anaandika kwamba Bwana alisulibiwa saa tatu, giza likaifunika nchi tangu saa sita, na saa tisa akalia kwa sauti kuu. Wasomaji wa lugha nyingi za Ulaya hulazimika kuelezwa kwamba saa hizo si zile za saa zao za ukutani. Sisi hatuhitaji maelezo. Tunahesabu saa tangu jua linapochomoza, kama walivyohesabu watu wa nyakati za Yesu, hivyo saa tisa ya Injili ni saa tisa yetu ya alasiri. Wafanyakazi walioajiriwa saa kumi na moja katika shamba la mizabibu waliajiriwa jua likikaribia kuzama, na mkulima yeyote wa kwetu anajua muda huo kazi iliyobaki shambani ni kidogo kiasi gani. Waamini wetu wamekaa na hazina hii maisha yao yote, na wengi hawajui kwamba ni hazina.

Kuna na yale tunayodhani tumeyasoma, kumbe tumeyaona katika picha. Mathayo hasemi kwamba Mamajusi walikuwa watatu. Anataja zawadi tatu: dhahabu, uvumba na manemane. Wala hasemi walimkuta Mtoto katika hori. Anasema waliingia nyumbani. Kitabu cha Mwanzo hakitaji tofaa. Kinataja tunda tu. Matendo ya Mitume hayasemi kwamba Paulo alianguka kutoka juu ya farasi. Na sherehe ya tarehe 8 Desemba, ya Bikira Maria Mkingiwa Dhambi ya Asili, haihusu Yesu kutungwa mimba tumboni mwa Maria, kama wengi wanavyofikiri. Inahusu Maria mwenyewe kutungwa mimba tumboni mwa mama yake. Ndiyo maana kuzaliwa kwake tunakuadhimisha tarehe 8 Septemba, miezi tisa baadaye. Fundisho hilo lilitangazwa na Papa Pius wa Tisa mwaka 1854, na kila mwaka wapo wanaoadhimisha sherehe hii bila kujua wanaadhimisha nini.

Mtu akigundua mambo ya namna hii ukubwani hucheka, hushika kichwa, na maisha yanaendelea. Aliyedhani Mamajusi walikuwa watatu hakupungukiwa na neema. Lakini tunaandika makala hii kwa sababu kuna mambo mengine ambayo kuchelewa kuyajua kunaumiza, na katika parokia zetu watu wanaumia kimyakimya.

Tuchukue Ubatizo. Mtoto amezaliwa kabla ya wakati, anapumua kwa shida. Ni saa nane usiku, mvua imekata barabara, na paroko yuko mbali. Mama analia akiomba padre aitwe. Sasa, Kanuni ya 861 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba wakati wa dharura mtu yeyote mwenye nia inayotakiwa anaweza kubatiza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 1256, inaongeza kwamba hata mtu ambaye yeye mwenyewe hajabatizwa anaweza kufanya hivyo. Basi baba wa mtoto anaweza. Bibi anaweza. Muuguzi anaweza, hata akiwa Mwislamu, mradi akusudie kufanya kile ambacho Kanisa hufanya linapobatiza. Anamimina maji kichwani pa mtoto na kusema: "Nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Basi. Mtoto amebatizwa kwelikweli. Akipona, harudiwi kubatizwa. Paroko anaarifiwa ili Ubatizo uandikwe kitabuni, na mtoto anapelekwa kanisani kukamilishiwa ibada zilizobaki.

Ni wazazi wangapi wanaolijua jambo hili kabla hawajalihitaji? Tunaogopa kwamba wengi wanaambiwa baada ya msiba, na mtu mwenye nia njema anayesema, "Lakini ungeweza kumbatiza wewe mwenyewe." Kauli hiyo ikija kwa kuchelewa ni kisu. Kwa mama wa namna hiyo tuseme pia lile lingine ambalo huchelewa kusikika: Kanisa linamkabidhi mtoto aliyefariki bila Ubatizo kwa huruma ya Mungu, na linatumaini kwamba ipo njia ya wokovu kwake. Katekisimu inalisema hilo katika namba 1261. Mama asiachwe na maneno ya majirani peke yake.

Tuchukue Mpako wa Wagonjwa. Katika familia nyingi padre akionekana anaingia na chupa ndogo ya mafuta, watu huanza kupiga simu kuwaita ndugu walio mbali. Mgonjwa mwenyewe akimwona anageukia ukuta. Wengine hawamwiti padre mpaka mgonjwa amepoteza fahamu, kwa kuogopa kumtisha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulisema wazi kwamba Sakramenti hii si ya wale tu walio katika dakika za mwisho. Mwamini anayeanza kuwa katika hatari kwa sababu ya ugonjwa au uzee anaweza kuipokea. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa anaweza kuipokea. Akipona kisha akaugua tena sana, anaweza kuipokea tena. Sakramenti ya mtu anayeaga dunia ni Ekaristi, inayoitwa Viatiko, yaani masurufu ya safari. Kwa kutojua hivyo, wagonjwa wetu wanaukosa Mpako wakati wangeweza kuungama, kuitikia sala na kufarijika; na pengine wanaikosa Viatiko yenyewe, kwa kuwa padre ameitwa wakati mgonjwa hawezi tena kumeza.

Tuchukue mfungo wa kabla ya Komunyo. Wapo wazee wenye kisukari au shinikizo la damu ambao Dominika hawamezi vidonge vyao mpaka Misa iishe, kwa kuwa walifundishwa kwamba asiweke kitu kinywani tangu usiku wa manane. Wazee hawa hawakufundishwa uongo. Ndivyo sheria ilivyokuwa walipokuwa watoto, au ndivyo walivyofundishwa na wazazi wao. Mwaka 1953 Papa Pius wa Kumi na Mbili aliamua kwamba maji hayavunji mfungo. Mwaka 1957 akaufanya mfungo wa chakula kuwa wa saa tatu. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita akaupunguza kuwa wa saa moja. Leo Kanuni ya 919 inadai saa moja kabla ya Komunyo yenyewe, si kabla ya Misa kuanza. Maji na dawa haviuvunji. Wazee, wagonjwa na wanaowahudumia wanaruhusiwa kukomunika hata kama wamekula kitu ndani ya saa hiyo. Sheria imelegezwa kwa miaka zaidi ya sitini sasa, na bado kuna bibi anayetetemeka kwenye benchi kwa njaa na kukosa dawa, akidhani anamheshimu Bwana. Anamheshimu kweli. Lakini ni nani aliyekuwa na wajibu wa kumwambia?

La mwisho ndilo zito kuliko yote. Kuna wanawake, na wanaume pia, walioachwa na wenzi wao wa ndoa. Mume ameondoka, ameoa kwingine, pengine amekwenda na mahakamani akapata talaka ya serikali. Mke amebaki na watoto, hajaolewa na mtu mwingine, anaishi kwa uaminifu. Naye Dominika haendi kukomunika. Ameambiwa, au amejiambia, kwamba ndoa yake imevunjika, kwa hiyo yeye ni mtu wa kukaa nyuma. Hilo si fundisho la Kanisa. Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili katika waraka Familiaris Consortio wa mwaka 1981, na Papa Fransisko katika Amoris Laetitia wa mwaka 2016, wote wawili wanafundisha kwamba mtu aliyeachwa asiyeingia katika muungano mwingine hazuiwi Sakramenti kwa sababu hiyo. Kinyume chake, atiwe moyo ajilishe katika Ekaristi. Hali ya aliyefunga ndoa nyingine ni suala tofauti, linalohitaji mazungumzo na padre na pengine mahakama ya Kanisa. Lakini aliyeachwa tu, akabaki mwaminifu! Fikirini miaka kumi au ishirini ya Dominika, mtu ana njaa na meza imeandaliwa, naye anakaa mbali kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba kiti chake kipo.

Kwa nini mambo haya yanachelewa kuwafikia watu? Tunaona sababu tatu.

Ya kwanza: mafundisho yetu yana mwanzo na yana mwisho, na mwisho wake huwa siku ya Kipaimara. Mtoto wa darasa la saba anakariri majibu, anajibu mtihani wa katekista, anapakwa Krisma, anapigwa picha, na daftari linafungwa. Baadaye kuna semina ya ndoa ya siku chache. Kumbe maswali makubwa huja baada ya hapo: ugonjwa, kufiwa, kuachwa, uzee. Tunampa mtu majibu akiwa na umri wa miaka kumi na mitatu, hana swali, na akipata swali ana miaka arobaini na hatuko naye.

Ya pili: sheria zikibadilika, tangazo linawafikia waliosoma, haliwafikii wote. Padre amejifunza jambo seminarini, akaliona la kawaida mno, akadhani kila mtu analijua. Mambo ya kawaida ndiyo yasiyotangazwa. Kwenye matangazo ya mwisho wa Misa utasikia habari za mchango wa ukarabati, harambee, na zamu ya jumuiya kufanya usafi. Yote ni ya lazima. Lakini ni lini mara ya mwisho tangazo lilisema, "Mgonjwa ameze dawa zake kabla ya Misa"?

Ya tatu, na ndiyo inayotukera zaidi, ni kicheko. Mtu mzima akiuliza swali la msingi katika jumuiya, anasikia, "Hee! Mpaka leo hulijui hilo?" Anacheka pamoja na wengine ili kuficha haya, na tangu siku hiyo haulizi tena. Wapo mafrateri na hata mapadre wanaosimulia mezani, kama kichekesho, maswali waliyoulizwa na waamini. Mwamini hayupo mezani, lakini habari humfika. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Tatizo ni kwamba sisi tunaocheka ndio tunaomfundisha mwenzetu kuficha.

Katika Maandiko kuna kielelezo ambacho kinafaa kusomwa mara nyingi katika seminari. Ni habari ya Apolo, katika sura ya 18 ya Matendo ya Mitume. Apolo alikuwa mtu wa Aleksandria, msemaji hodari, mjuzi wa Maandiko, akifundisha kwa bidii habari za Yesu. Lakini alijua ubatizo wa Yohane tu. Mwalimu mzima, anahubiri katika sinagogi, na hajui jambo ambalo Wakristo wengine wanalijua! Priskila na Akila, mke na mume waliokuwa mafundi wa kushona mahema, walimsikia. Hawakusimama kumkosoa mbele za watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Naye Apolo alikubali kufundishwa na mafundi mahema, kisha akawa msaada mkubwa kwa waamini wa Akaya. Hapo tunaona mambo mawili: anayejua kidogo aweza kuwa mtumishi mzuri, na anayejua zaidi ana wajibu wa kumpa mwenzake heshima pamoja na elimu.

Tunajua yapo mapingamizi. Wengine husema kwamba waamini wakiambiwa kila kitu watalegea: mkiwaambia dawa haivunji mfungo, watakuja na chai kanisani; mkiwaambia mtu yeyote anaweza kubatiza, kila mmoja ataanza kubatiza nyumbani kwake. Hofu hii haina msingi. Bibi aliyekaa bila vidonge kwa kumpenda Yesu hatageuka mlafi siku atakapojua ukweli. Na juu ya Ubatizo wa dharura, dawa ya matumizi mabaya ni kufundisha vizuri zaidi: ni kwa hatari ya kifo tu, ni kwa maji na kwa maneno yale, na paroko aarifiwe. Anayefundishwa nusu ndiye hukosea. Tena, imani inayosimama kwa sababu mtu hajui, itaanguka siku atakapojua.

Wengine husema waamini wenyewe hawataki kujifunza. Wakiitwa semina hawaji. Ni kweli kwa kiasi fulani. Lakini mtu anayekwepa semina ya siku nzima atasikiliza jambo moja la dakika moja, likiwa linamhusu.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo madogo. Kila Dominika, kabla ya matangazo ya michango, lisemwe jambo moja la kujua: leo Mpako wa Wagonjwa, Dominika ijayo mfungo, ile nyingine Ubatizo wa dharura. Mwaka una Dominika 52. Hayo ni mambo 52, na yakirudiwa mwaka unaofuata hakuna ubaya. Kando ya sanduku la sadaka, liwekwe sanduku la maswali, mtu aandike bila jina, na majibu yatolewe bila kumtafuta mwandishi. Jumuiya ndogo ndogo zitenge dakika chache baada ya Neno, na mwenyekiti ahakikishe hakuna swali linalochekwa. Wauguzi na wakunga wa parokia, na akina mama wa WAWATA wanaotembelea wagonjwa, wafundishwe maneno ya Ubatizo mpaka wayajue kama jina lao. Na padre anapomtembelea mama aliyeachwa, asiishie kumpa pole. Amwulize kama anakomunika, na kama hakomuniki, amwulize kwa nini.

Kwa ndugu zetu mafrateri tunalo neno la pekee. Mtakapokuwa likizo au katika mwaka wa uchungaji, watu watawauliza maswali, kwa kuwa mmevaa kanzu na wanadhani mnajua yote. Mengine hamtayajua. Semeni, "Sijui, nitauliza nikuletee jibu," kisha lileteni kweli. Mwamini akiona frateri naye anauliza, ataona kwamba kuuliza si ujinga. Na akiwaletea swali mnaloliona la kitoto, kumbukeni kwamba huenda amelibeba miaka mingi, akitafuta uso ambao hautamcheka.

Bwana wetu mwenyewe, akiwa na miaka kumi na miwili, alikutwa hekaluni ameketi kati ya walimu akiwasikiliza na kuwauliza maswali. Nikodemo, mwalimu mzee, alikuja kwake usiku kwa kuogopa macho ya watu, naye akapokewa na kujibiwa. Parokia zetu zina akina Nikodemo wengi. Tufanye bidii ili waweze kuja mchana.